Asali Iliyochemshwa na Mguu wa Msabila

Juzi mjukuu wangu, ambaye anasomea dawa, alikuja kunisalimu hapa Ipuli akiwa na picha kwenye simu. Ilikuwa picha ya kipande cheupe mfano wa kitambaa. Akanieleza kwamba kimetengenezwa kwa vitu vya asili vilivyochanganywa na dawa ya kiwandani, na kwamba ukikibandika juu ya kidonda kinaachia dawa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, huku kikiua vijidudu. Akasema ni jambo jipya kabisa. Nikamuuliza kama sisimizi wanakipenda. Akanitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama bibi aliyeanza kuchanganyikiwa.

Sijachanganyikiwa. Ndiyo maana naandika haya, kwa ajili yake na ninyi wenzake mnaovaa makoti meupe yasiyo na madoa. Koti langu lilikuwa na madoa ya nta ambayo hayakutoka hadi nilipostaafu.

Nilikuwa mchanganya dawa katika hospitali moja ya Tabora. Sitaitaja, kwa sababu wengi niliofanya nao kazi wana watoto wenye heshima zao mjini. Babu yangu mzaa baba alifika hapa na misafara, akitokea pwani, akasema anapumzika kidogo kabla ya kuendelea Ujiji. Bado anapumzika, tumemzika hapa hapa. Baba yangu aliuza nta na asali, na mimi kabla sijajua kusoma nilijua kupima nta. Unatafuna kipande. Ikiganda kwenye meno, kuna kitu kimetiwa humo. Ukiivunja, mahali ilipovunjika paonekane pana chengachenga, pasiwe laini na pa mafuta. Elimu hiyo ilinisaidia kazini kuliko cheti changu, ingawa cheti ndicho kilichotundikwa ukutani.

Mkuu wangu wa chumba cha dawa alikuwa Bwana Kalunde, Mkatoliki wa Igalula, mrefu, wa maneno machache. Alikuwa na sheria moja: kila kinachoingia chumba hiki kinachemka kwanza. Chupa zilichemka, vijiko vilichemka, vizibo vilichemka. Siku moja alichemsha miwani yake. Fremu ikapinda, akaivaa hivyo hivyo miaka mitatu, akitutazama kwa upande. Hakuna aliyecheka mbele yake. Ninamcheka leo, na ninamkumbuka kwa mapenzi.

Sasa sikilizeni tatizo lilikuwa nini. Miaka ile watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, na dawa nazo zilikuwa kama zinahamahama. Sindano za penisilini zilikuja mwezi huu, mwezi ujao hazipo. Kitu tulichokuwa nacho ni unga wa salfa, dawa ya kuua vijidudu, debe moja, na hilo nalo tulishaanza kuona chini yake. Ukiunyunyiza unga juu ya kidonda kinachotoa maji, unaondoka na maji hayo kabla nesi hajafika mlangoni. Dawa ilikuwa inafika, haikuwa inakaa. Kilitakiwa kitu cha kuishika, kiiachie polepole.

Bwana Kalunde akasema, "Nta."

Hilo ndilo lilikuwa agizo zima. Mengine ilibidi niyatafute mwenyewe.

Nta unaiyeyusha katika sufuria ndogo iliyowekwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, usiiweke juu ya moto wenyewe, itawaka. Unatia mafuta ya karanga ili isiwe ngumu. Unasaga salfa hadi iwe laini kuliko poda ya mtoto, unaitia. Mwisho asali, nayo ndiyo yenye ukaidi, kwa sababu asali na nta hawapendani ingawa wamezaliwa nyumba moja. Unakoroga kwa mwiko mdogo wa mti, bila kupumzika, hadi mchanganyiko upoe. Ukienda kumsalimu mtu dirishani, ukirudi asali yote iko chini. Kisha unachovya gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, unakipanga kwenye karatasi safi. Gozi zilipoisha tulichana melimeli, ile nguo nyembamba ya dukani kwa baba.

Ya kwanza niliitia nta nyingi. Mgonjwa alikaa nayo siku mbili, na nesi alipoifungua ilitoka nzima, ngumu, ikiwa na umbo la kifundo cha mguu wake. Dawa yote ilikuwa bado imo ndani. Tungeweza kuiwasha kama mshumaa.

Ya pili niliitia asali nyingi. Asubuhi mgonjwa wa kitanda cha tano alilalamika kwamba mguu wake unatembea peke yake. Nesi akafunua shuka. Kilichokuwa kinatembea ni sisimizi, na walikuwa wamejipanga vizuri kutoka dirishani hadi kwenye bandeji. Kuanzia siku hiyo kila mguu wa kitanda ulisimama ndani ya kopo lenye mafuta ya taa. Daktari alipouliza makopo yale ni ya nini, Bwana Kalunde alijibu kwamba ni sehemu ya matibabu, na hakusema uongo.

Baada ya majaribio mengi nikapata kipimo. Vidonda vidogo vikapona, tukajipongeza. Vidonda vidogo hupona vyenyewe, lakini ukiwa kijana mwenye mwiko mkononi huwezi kuamini hivyo.

Ndipo akaletwa Ndugu Msabila.

Alikuwa mrina asali, mtu wa porini karibu na Ipole, mwenye umri wa baba yangu. Siku ya kuhamia kijiji kipya cha barabarani alibeba mlango wa nyumba yake mgongoni, kwa sababu aliuchonga mwenyewe na hakutaka kuuacha. Mlango ulimyumbisha, akajichoma na kisiki. Kidonda kidogo kikawa donda ndugu, likala nyama ya muundi hadi likakaribia mfupa. Wodi nzima ilijua amefika hata kabla hajaingia, kwa harufu. Mkewe, Mama Nyamizi, alikuja naye na kopo kubwa la asali.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye binti wa yule Mwarabu wa nta?"

"Ndimi."

"Nimesikia unafunga vidonda kwa asali. Hii ni ya mzinga wangu. Nakuomba jambo moja tu. Isipite motoni."

"Haitapita."

"Ikipita motoni inakuwa ya kupikia pombe ya wanzuki. Ya kidonda haipiti motoni."

"Nimekuelewa, baba. Haitapita."

Nikaenda nayo kwenye chumba cha dawa. Bwana Kalunde alitazama lile kopo kwa miwani yake iliyopinda. Kulikuwa na bawa la nyuki linaelea juu na kipande cha gome. Alinyanyua kidole kuelekeza kwenye jiko. Nami nilichemsha kopo zima. Sikubisha hata kwa jicho. Nilijiambia kwamba mzee wa porini anajua miti, na sisi tunajua dawa.

Siku za mwanzo kila alipouliza, "Haikupita motoni?" nilijibu, "Haikupita." Baadaye hakuuliza tena, na hilo lilikuwa baya zaidi kwangu.

Wiki mbili zikapita. Donda halikupungua, lilipanda upana wa kidole kimoja kuelekea goti. Jumanne moja Daktari alifika na kichupa cha jivii, ile dawa ya zambarau, akachovya kijiti na kumchora Msabila mstari chini ya goti, kuzunguka mguu wote. Akasema Jumatatu atakata hapo.

Msabila aliutazama mstari ule.

"Daktari," akasema, "nina mizinga sitini. Yote iko juu ya miti. Hakuna hata mmoja ulio chini."

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alisema pole, akaenda kitanda kingine.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na gozi mpya kwenye koleo, tayari kwa kufunga. Msabila akanyoosha mkono. "Hebu nione." Nikampa, nikidhani anataka kuitazama. Akailamba. Nimefanya kazi ile tangu usichana hadi mvi, na ni mgonjwa mmoja tu niliyemwona akilamba gozi. Aliyazungusha mate mdomoni, akatazama dari, akameza.

"Hii imepikwa," akasema.

Hakupandisha sauti. Mama Nyamizi aliyekuwa ameketi sakafuni akipakua ugali kutoka kwenye sufuria alisimamisha mwiko wake. Nilitaka kusema ni salfa inayobadilisha ladha. Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Kisha nikautazama ule mstari wa zambarau.

"Imepikwa, baba," nikasema. "Niliichemsha siku ile ile uliyonipa. Yote."

Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye sikusikia, na guu lililokuwa linakwenda kukatwa ni la mkuu mwenyewe. Niliona aibu ambayo hadi leo ikinijia nikiwa napika, naacha kukoroga.

Msabila alinirudishia gozi. Kisha akasema, "Sasa umesema. Nenda ukamwambie na mwenye jivii."

Nilianzia kwa Bwana Kalunde, kwa sababu mtu huanzia nyumbani. Nilimweleza yote: ahadi, jiko, uongo wa kila siku. Nikamwambia kwamba baba yangu naye hakuwa akiuza asali iliyochemshwa kwa watu wa vidonda, aliitenga, na mimi nilikua nikiona hivyo nikasahau. Bwana Kalunde alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatoka. Nikamfuata. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Daktari.

"Asali ya Msabila ilichemshwa," akamwambia. "Aliyeamuru ni mimi. Kwa hiyo dawa yenyewe haijajaribiwa. Naomba ijaribiwe kabla ya msumeno."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile kwa mara moja. Nikaanza kusema kwamba kosa ni langu mimi, akaninyamazisha kwa kile kidole chake. Daktari alitutazama wote wawili. Nadhani hakuamini asali, lakini kumwona Bwana Kalunde akikiri kosa kulimtikisa.

"Wiki mbili," akasema. "Homa ikipanda, nakata siku hiyo hiyo. Mstari usifutwe."

Asali ndiyo haikuwapo. Niliuliza mjini kote. Yote ilikuwa imepita motoni, kwa sababu warina asali wengi huchemsha masega ili kutenga nta haraka. Asali mbichi ilikuwa kwenye mizinga ya Msabila, juu ya miti, na mwenye mizinga alikuwa kitandani.

"Mama ameniambia una shemeji Ipole. Hawezi kupanda?" nikamuuliza.

"Anaweza. Hatapanda."

"Hata mama akimwambia kwamba unaumwa?"

"Hata akimwambia nimekufa. Mzinga una alama ya mwenyewe. Mtu hafungui mzinga wa mwenzake kwa maneno. Mwizi naye ana maneno." Akafikiri. "Nipe kile kijiti chako."

Alimaanisha mwiko wangu wa kukorogea. Nikamletea. Akaomba kisu, Mama Nyamizi akampa kile cha kumenyea viazi, na pale kitandani, makopo ya mafuta ya taa yakiwa chini yake, akachonga alama yake kwenye mpini: mikato mitatu iliyosimama na mmoja wa kulala unaoikata yote. Alichonga polepole, kwa sababu homa ilikuwa imemmaliza nguvu, lakini hakuna mkato uliokwenda kombo. Akampa mkewe.

"Mwambie afungue mzinga ulio kwenye mti wa mninga, ule wa karibu na mto. Na uje nayo ikiwa kwenye masega."

Mama Nyamizi alipanda lori la tumbaku Jumatano asubuhi, mwiko wa hospitali ukiwa umefungwa kwenye kanga. Sikuwa na mwiko mwingine, nikawa nakorogea dawa za watu wengine kwa mpini wa mswaki. Niliuchemsha, msijali.

Nitawaambia kweli, siku zile tano zilikuwa ndefu kuliko mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Kila asubuhi nilipita wodini kabla ya kuvaa koti. "Mwangaluka, baba," namwamkia kwa lugha ya kwao, ananijibu, kisha namtazama nesi, naye ananionyesha kipimajoto. Siku ya nne homa ikapanda. Daktari akaja, akasimama, akaitazama chati, akaugusa ule mstari kwa kidole. "Kesho asubuhi," akasema.

Kesho yake asubuhi Mama Nyamizi alikuwa mlangoni pa wodi, vumbi la njia nzima usoni, ndoo ya masega kichwani, mwiko mkononi. Alikuwa hajalala. Alimtazama Daktari akasema, "Nimechelewa?" Daktari akageuka akarudi alikotoka, akaniambia akinipita, "Hadi kesho jioni. Baada ya hapo usiniombe."

Sasa shikeni ufundi, maana hapa ndipo kazi ilipo. Masega sikuyapasha, niliyakandamiza juu ya melimeli, asali ikadondoka yenyewe. Nta, mafuta na salfa niliviyeyusha peke yao, vikachemka vilivyotaka, sheria ya Bwana Kalunde ikaheshimiwa. Kisha nikasubiri. Nilitia kidole, na pale nilipoweza kukiacha humo huku nikihesabu hadi kumi bila kukunja uso, ndipo nikamimina asali. Bwana Kalunde alisimama nyuma yangu muda wote. Aliutazama moto, akaitazama asali, mkono wake ukaanza kuelekea jikoni wenyewe, akauingiza mfukoni.

Tulifunga gozi mchana huo. Jioni ya siku ya pili homa haikuwa imeshuka, ila haikuwa imepanda. Daktari alisimama kando ya kitanda, akasema, "Kesho." Kesho yake ilishuka kidogo, akasema tena, "Kesho." Siku ya nne nilikuwa natembea wodini nikamkuta mgonjwa wa kitanda cha tano, yule wa sisimizi, anakula wali wake akiwa ameegemea upande wa Msabila. Kwa wiki tatu alikuwa anakula akiwa ameupa mgongo. Nikasimama nikanusa. Harufu haikuwapo. Nilikwenda kwenye stoo ya mashuka nikalia, nikafuta uso kwa shuka la serikali, nikarudi kazini.

Sitawaambia ni miujiza. Donda lilichukua miezi miwili na zaidi kujaa nyama, na penisilini ilipofika tulimchoma. Mguu ulibaki mwembamba, na kovu lake liling'aa kama sahani. Lakini ulibaki. Mstari wa jivii ulififia wenyewe, hakuna aliyeufuta.

Miaka mingi baadaye mfamasia mmoja kijana alinieleza kwamba ndani ya asali mbichi kuna kitu kinachozalisha dawa pole pole ikikutana na maji ya kidonda, na moto hukiua. Akaniambia pia kwamba siku hizi asali ya hospitali husafishwa kwa mionzi, bila kupikwa. Kwa hiyo nanyi msiende kupaka asali ya jikoni kwenye vidonda vya watu mkasema bibi kasema. Asali mbichi inaweza kubeba vijidudu vyake, na Bwana Kalunde hakuwa mjinga kuogopa lile bawa la nyuki. Alikuwa na sababu nzuri na jibu lisilofaa, jambo ambalo mtalikuta sana kazini. Ninachotaka mkishike ni kimoja: mgonjwa akikuambia jambo kuhusu kitu anachokijua, mwulize sababu kabla ya kuwasha jiko.

Siku ya kuondoka Msabila alikuja hadi dirisha la chumba cha dawa, kwa miguu yake, akiegemea fimbo. Akadai mwiko.

Nilijua kwa nini. Alama ile ikibaki mikononi mwa mtu, mtu huyo anaweza kwenda Ipole na kufungua mizinga yote sitini, na hakuna atakayemzuia. Nikautoa mfukoni, nikampa kwa mikono miwili. Akapitisha kidole gumba juu ya ile mikato.

"Uliniambia uongo siku ngapi?" akauliza.

"Kumi na nne, baba. Pamoja na zile ambazo hukuuliza."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu ambaye hesabu yake imelingana na yangu. Kisha akanirudishia mwiko dirishani.

"Kaa nao," akasema. "Usiuchemshe."

Bwana Kalunde alikuwa nyuma yangu, alisikia. Alifanya kazi nami miaka mingine tisa hadi alipostaafu, na kila asubuhi alihesabu vyombo vilivyomo kwenye sufuria ya maji ya moto. Kila asubuhi kilipungua kimoja. Hakuwahi kuuliza.